Nimeshaonja Jikoni

Sikuombi uniamini. Nimeishi na jambo hili muda mrefu mno, na kuaminiwa si haja yangu tena. Ila lijue hili kabla sijaanza: siku ile sikuwa nimekunywa, sikuwa na homa, na jua lilikuwa halijamaliza kuzama. Watu husema mauzauza ni ya usiku wa manane, mtu akitoka kilabuni miguu ikigombana. Mimi nilikuwa na akili zangu zote, na mwanga mwekundu ulikuwa bado juu ya majabali ya Ulemo. Niliyoyaona, niliyaona.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka yake ya mwishomwisho. Nilikuwa nimemaliza sekondari na kurudi nyumbani kusubiri kazi ya ukarani bomani. Kijiji kizima kilijua kwamba nasubiri, maana nilihakikisha wanajua. Nilivaa viatu hata nikienda kisimani.

Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Uwele ulikauka ukiwa haujapita goti. Wenye nguvu walitawanyika, wengine kwenye machimbo ya chumvi, wengine manamba kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga. Walioachwa nyuma ni wazee. Ndipo mke wa mchungaji wetu, tuliyemwita Mama Mchungaji, akaanzisha jiko nyuma ya nyumba yake. Wanawake wa kanisa walipika ugali na mlenda, siku nyingine maharage, na kila jioni chakula kikapelekwa kwa wazee wasioweza kutoka ndani. Wakristo, Waislamu na wasiokuwa popote, wote walipelekewa. "Tena kifike cha moto," alikuwa akisema. "Ugali uliopoa ni jiwe kwa mtu asiye na meno."

Mpelekaji nilikuwa mimi. Usidhani nilijitolea kwa wema. Mchungaji alikuwa ameahidi kuniombea kwa wakubwa wa boma, na mtu aliyeahidiwa jambo kama hilo hakatai kubeba kikapu.

Kikapu chenyewe kilikuwa kikubwa, kimeshindiliwa majani makavu. Katikati ya majani yale tulizamisha mabakuli ya bati yenye vifuniko, kila moja limefungwa kitambaa. Ugali ulitembea mwendo mrefu ukafika bado unatoa mvuke. Nilikuwa na nyumba kadhaa za kupitia, lakini mbili tu zinahusika na kisa hiki.

Ya kwanza ilikuwa ya Mzee Gunda. Macho yake yalikuwa yamekufa, na miguu ilikuwa inafuata macho. Siku ya kwanza nilimwekea bakuli mbele yake, nikafungua kifuniko, nikageuka kuondoka. Akanidaka kifundo cha mkono kama mtego.

"Onja," akasema.

"Babu, ni chakula cha kanisa."

"Sikuuliza ni cha nani. Onja."

Nadhani desturi hii unaijua. Kwetu, anayekuletea chakula humega kwanza, akala mbele yako, ndipo wewe unanawa. Ni kuondoa shaka. Hata mama aliyekuzaa hufanya hivyo, na hakuna anayeona ametukanwa. Mimi niliona nimetukanwa. Kijana wa sekondari, mwenye viatu, ashukiwe kwamba anabeba sumu?

"Unadhani nataka kukuua, babu?"

Akacheka. "Uniue upate nini? Mbuzi sina, mke sina, meno yenyewe mawili. Lakini nisikilize. Chakula kisichoonjwa na aliyekileta kipo cha namna moja tu. Ni kile tunachowawekea waliotangulia. Wale huwa hatuwaonjei, kwa sababu wao hawaogopi sumu tena. Sasa wewe ukiniwekea hivihivi, unanihesabu upande gani?"

Nikaonja, kwa kuwa hakuwa ameniachia mkono. Kila jioni ikawa hivyo. Nilikuwa namega kipande kidogo kama cha kumpa kuku, namwambia, "Haya, sijafa," naye anajibu, "Bado mapema, subiri kidogo." Leo nikikumbuka utani ule nacheka peke yangu. Wakati ule nilikuwa natoka nimenuna.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bibi Kiula.

Alikaa mbali na wengine, nyuma ya majabali mawili makubwa, ndani ya tembe ya zamani iliyoanza kuinama upande mmoja. Jina hilo lilikuwa la mumewe. Mzee Kiula alikuwa mhunzi, alitengeneza majembe enzi ambazo majembe ya dukani hayajafika kwetu. Alikufa nikiwa mtoto, lakini namkumbuka vizuri, hasa mkono wake wa kushoto. Kazi ya chuma ilikuwa imechukua vidole viwili, kikabaki kidole gumba na viwili vingine, kama mguu wa kuku. Watoto tulipopita karibu na kiwanda chake alikuwa anatutolea mkono ule na kukunjakunja vidole, nasi tunakimbia tukipiga kelele kwa furaha. Mivukuto yake ya ngozi ilikuwa bado imetundikwa ndani ya tembe ile, imekauka, haina mtu wa kuipuliza.

Bibi mwenyewe alikuwa amelala kitandani miezi mingi. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja, na kikohozi chake ulikisikia ukiwa bado kwenye majabali. Uani kwake, katika kijumba cha pembeni, aliishi mkwe wake, Raheli. Mume wa Raheli alikuwa manamba, hajarudi wala hajaleta habari. Raheli alikuwa mwanamke wa maneno machache, mrefu, na hakunishangilia nilipokuja na viatu vyangu. Nadhani hilo nalo lilichangia.

Siku ya kwanza niliinama mlangoni, nikaingia hatua moja tu, nikaweka bakuli chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ni wa nani?"

Nikamwambia.

"Ooh. Basi onja, nami nile."

Akakohoa. Nilikuwa nimesoma shuleni habari za vijidudu, jinsi vinavyoruka kutoka kifuani mwa mtu na kuelea chumbani. Kuonja kulimaanisha nisogee, nikae kwenye kigoda karibu na kitanda, nifungue bakuli, nimege, nitafune katika hewa ile. Nikamwambia neno ambalo limenifuata maisha yangu yote.

"Nimeshaonja jikoni, bibi."

Sikuwa nimeonja jikoni wala popote.

"Nani alikuona?"

"Walikuwepo wengi."

"Mimi sikuwepo," akasema taratibu. Nikatoka.

Toka siku hiyo nikawa naweka bakuli kizingitini kwa ndani, napiga hodi, nasema, "Bibi, chakula hicho," na kuondoka kabla hajajibu. Kesho yake nachukua bakuli tupu na kuweka lingine. Nilijiambia atanyanyuka mwenyewe, au mkwe wake atamsogezea. Kwani mkwe alikuwa wa kazi gani?

Bakuli lilirudi tupu kila siku. Si tupu tu, lilikuwa safi, limefutwa kwa kidole mpaka pembeni, hakuna hata uzi wa mlenda. Mama Mchungaji alifurahi. "Bibi Kiula anakula kuliko wote!" akasema, akaniongezea mwiko. Nami nikafurahi, nikajiona mtu wa maana.

Lakini jioni moja upepo uliuinua mkeka wa mlangoni, nikamwona. Sijui nikueleze vipi. Uso ulikuwa umebaki macho. Mkono uliokuwa juu ya blanketi ulikuwa kama kijiti cha kuchochea moto. Nikatazama bakuli mkononi mwangu, safi, jepesi. Nikajiuliza, kama chakula chote hiki kinaliwa, kinakwenda wapi?

Swali zuri. Laiti ningeishia kwenye swali. Jibu nililokwisha kulitengeneza lilikuwa Raheli.

Na ukishamshuku mtu, nakuambia, kila kitu chake kinageuka ushahidi. Alikuwa na mashavu, kwa nini mwaka wa njaa awe na mashavu? Alikuwa haniangalii usoni, anaficha nini? Siku moja nilimkuta anasugua mikono kwa majivu, nikasema moyoni, anaondoa mlenda. Hata ukimya wake niliufanya kuwa kosa.

Nikamtegea. Shuleni nilikuwa skauti, na kulikuwa na fundo moja ambalo pale kijijini hakuna aliyelijua. Kulifungua si shida, lakini kulifunga tena kama lilivyokuwa, hapana. Nikakifunga kitambaa cha bakuli la Bibi Kiula kwa fundo lile. Nilijua vidole vya bibi haviwezi kitu. Raheli akilifungua, nitajua.

Kesho yake nilikuta bakuli palepale kizingitini, na fundo lilikuwa vilevile nilivyolifunga. Hata ncha ya kitambaa niliyoielekeza kushoto ilikuwa bado inaelekea kushoto. Nikasema, hawajala leo. Nikainua.

Lilikuwa jepesi.

Nikalifungua. Bati tupu, linang'aa. Na chini, pale ulipokuwa ugali, bati lilikuwa na joto. Ulikuwa umepita usiku mzima na mchana kutwa, lakini nikiweka kiganja palikuwa pana joto, kama mtu ameinuka sasa hivi.

Mtu mwenye akili angetupa bakuli na kukimbilia kwa wazee wake. Mimi nilikuwa na elimu. Nikasema, kumbe yule mwanamke ni hodari, amejifunza fundo langu, na bakuli amelianika juani ili kunichanganya. Ona kiburi kinavyoweza kuona! Nilikubali kwamba mke wa manamba kajifunza uskauti katika usiku mmoja, ila sikukubali kwamba kuna kitu nisichokijua.

Nikampeleka Raheli kwa jumbe.

Barazani kulijaa. Njaa huwaleta watu penye mashtaka ya chakula kama nzi. Nikasimama, nikaeleza kwa Kiswahili changu cha shule, bakuli, fundo, mkono wa bibi. Wanawake wakaguna.

"Mashavu yale hayakuja bure!" mmoja akasema.

"Kula chakula cha mama mkwe, ee? Mwenzetu una koo pana!"

Jumbe akamwuliza Raheli kama ana la kusema. Akainuka. Hakumtazama jumbe. Kwa mara ya kwanza alinitazama mimi.

"Msomi," akasema, "umewahi kumwona mama anakula?"

"Wewe umemwona?"

"Asubuhi, ndiyo. Namnywesha uji wa unga wangu, ninaosagia watu nikapewa kidogo. Naonja, anakunywa. Chakula chako sijawahi kukigusa. Mama alinikataza. Aliniambia, 'Hicho si changu, kiache.'"

"Si chake ni cha nani?" nikamwuliza.

"Nami nilikuwa nakuuliza. Jioni wewe ukishaweka bakuli, nasikia mwanamume anazungumza mle ndani. Nikadhani ni wewe umekaa naye. Nikasema, kijana yule ana viatu lakini ana utu."

Watu wakacheka. Labda walimcheka yeye, lakini mimi nilisikia wananicheka mimi. Damu ikanipanda. Nikasema mwongo huyo, anataka kusingizia mashetani ili afiche wizi, na kama ana mwanamume usiku mle ndani na atuambie ni nani. Hilo la mwisho halikuwa na maana yoyote, lakini lilimmaliza. Mke wa mtu aliye manamba ukishamtajia mwanamume mbele ya watu, hana pa kujitetea.

Jumbe akaamua Raheli asikanyage tena kwenye tembe ya bibi. Raheli akafunga mzigo wake siku ileile, akaenda kukaa kwa kaka yake, ng'ambo ya mabonde. Alipopita mbele yangu alisema kwa sauti ya chini, "Basi asubuhi umnyweshe wewe."

Sikumnywesha. Hata sikufikiria. Asubuhi nilikuwa nalala.

Umeelewa nilichofanya? Uji ule wa asubuhi ndio ulikuwa chakula pekee kilichokuwa kinapita kooni mwa Bibi Kiula. Nilikiondoa, nikajipongeza.

Jioni ya tatu, au ya nne, baada ya Raheli kuondoka, nilichukua bakuli kizingitini. Fundo langu, tupu, joto. Sasa sikuwa na wa kumshuku. Kutoka ndani sikusikia kikohozi. Nikaweka bakuli jipya, nikasema, "Bibi, chakula hicho," nikaondoka kwa kishindo ili nisikike nikiondoka. Nilipofika nyuma ya jabali nikavua viatu. Nikazunguka kimyakimya mpaka ukutani, pembeni mwa mlango, nikangoja.

Jua lilikuwa limegusa upeo. Tembe nzima ilikuwa nyekundu. Mbuzi wa mbali walikuwa wanalia wakirudishwa zizini. Mambo ya kila siku, nisikilize, ya kila siku kabisa.

Nikasikia maji yanamiminwa, kama mtu ananawa. Halafu sauti ya mwanamume. Ilikuwa nzito kidogo na haikuwa na haraka, kama ya mtu anayezungumza na mkewe baada ya kazi. Sikushika maneno. Nikapeleka jicho kwenye upenyo wa mkeka.

Bibi Kiula alikuwa kitandani, amegeukia ukuta. Chini, mbele ya bakuli, kwenye kigoda kile nilichokuwa sitaki kukikalia, aliketi mzee, mgongo kwangu. Bakuli lilikuwa mbele yake limefungwa, fundo langu liko juu, naliona. Lakini mzee alikuwa anakula. Alinyoosha mkono wa kulia juu ya kitambaa kilichofungwa, ukarudi na tonge la moto, akaliviringisha bila haraka, akalichovya, akala. Kwa adabu, kama mgeni katika nyumba ya watu wema. Mkono wa kushoto alikuwa ameuweka gotini. Ulikuwa na kidole gumba na vidole viwili.

Jicho langu lilibaki kwenye upenyo.

"Karibu," akasema, bila kugeuka.

Wewe unajua, mtu akikukuta unakula unamkaribisha. Na mimi nilikuwa nimelelewa, adabu ilinitoka mdomoni kabla ya akili.

"Shikamoo, babu."

Marahaba haikuja. Maisha yangu yote sijawahi kumwamkia mzee nikakosa marahaba. Kimya kile kilinipita mwilini kama maji ya kisima.

"Wewe ndiye unayetuletea," akasema. Hakuuliza, alisema. Akachovya tonge lingine. "Kizuri. Muda mrefu hatujaletewa cha moto. Kesho ongeza. Nimewaambia wenzangu."

Ndipo Bibi Kiula akageuka kutoka ukutani. Sikujua kama bado ana nguvu ya kugeuka. Akanitazama moja kwa moja kupitia upenyo ule, kana kwamba mkeka haupo.

"Mjukuu wangu," akasema, "ingia uonje. Onja sasa, mbele yangu. Njaa inaniuma."

Hatua tatu. Kuingia, kufungua fundo nililolifunga mwenyewe, kumega. Nilijua wakati uleule kwamba hilo tu ndilo linalotakiwa, kama mtu anavyojua jina lake. Mzee alikuwa ameacha kula. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya bakuli, anangoja kuona nitafanya nini. Hakuwa amekasirika. Nadhani angenipisha.

Nikakimbia.

Nilikimbia peku, viatu nikaviacha nyuma ya jabali, miiba ikinichoma bila mimi kujua, mpaka nikaangukia mlangoni kwa Mzee Gunda. Nikamweleza huku nahema. Hakushangaa. Aliuliza swali moja tu.

"Ulionja?"

"Hapana, babu."

"Hata alipokuomba?"

Akanitafuta kwa mkono, nikadhani ananishika kama kila siku, kumbe alikuwa ananisukuma.

"Kamlete mkwe wake. Usinisimulie mimi. Nenda."

Nilifika kwa kaka yake Raheli giza limeingia. Nilipiga magoti uani, nikaeleza niliyoyaona. Kaka mtu akachukua fimbo. Raheli akasema, "Mwache. Mama yu hai?" Nikasema sijui. Hakuniuliza kingine wala hakunisemesha tena njia nzima. Alibeba unga wake kwenye kibuyu, mimi nikabeba taa.

Ndani ya tembe hapakuwa na mtu isipokuwa bibi. Bakuli lilikuwa pale, tupu, na fundo lake. Raheli alilisukuma kando kwa mguu. Akachochea moto, akapika uji, akaumimina kwenye kata. Akakaa kwenye kigoda, akamwinua mama mkwe wake kichwa, akaupuliza uji, akanywa funda moja yeye kwanza, bibi akimtazama koo. Kisha akampa.

Bibi alimeza. Akameza tena. Akasema, "Huu una ladha."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na taa. Raheli akasema bila kunitazama, "Muda wote huu ulikuwa unamlisha mumewe. Sasa toka, unaniingizia upepo."

Bibi Kiula alikaa siku chache tu baada ya hapo. Alikuwa amekwenda mbali mno kurudishwa na uji. Alikufa asubuhi, Raheli akiwa amemshika, na nimeambiwa alikufa ameshiba. Nilimwomba Mama Mchungaji aniruhusu nisimame kanisani niseme kwamba Raheli hakuiba. Nilisimama, nikasema. Watu walinisikiliza, lakini la mwanamume niliyemtaja barazani liliwabaki midomoni. Tuhuma si kama ugali, haimegwi ikaisha. Raheli alihamia kwa ndugu zake upande wa Sepuka. Mumewe aliporudi kutoka mkonge alikuta habari yangu imefika kabla yake. Hakumfuata. Nilikwenda Sepuka mara moja kumtafuta nimwombe radhi, nikaambiwa hataki kuniona. Ni haki yake.

Kazi ya boma niliipata. Nimeoa, nimezaa, nimestaafu. Lakini toka jioni ile, chakula nikikiweka mbele ya mtu bila kukionja hupoa hapohapo. Mke wangu, Mungu amrehemu, alidhani ni mikono yangu ina baridi. Alikuwa ananikataza kuwapakulia watoto. Nikionja kwanza, hakina neno. Hilo nimelijaribu mara nyingi na sina maelezo.

Sasa ni zamu yangu. Miguu imegoma, nakaa chumba cha nyuma kwa mwanangu, na mkwe wangu ndiye anayeniletea chakula. Si mtu mbaya. Ana kazi nyingi, simu inamwita, watoto wanamwita. Anaweka bakuli kwenye stuli karibu na mlango. Wiki iliyopita nilimwambia, "Mama, njoo uonje." Akacheka kwa upole. "Babu na mambo yenu ya zamani! Nimeshaonja jikoni."

Nikageukia ukuta.

Asubuhi alikuja kuchukua bakuli, akafurahi. "Leo umemaliza chote, babu! Nitakuongezea." Sikuwa nimeligusa. Nilimshika mkono, nikamweleza kisa hiki chote kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza akitazama saa. Jioni alikaa, akamega, akala mbele yangu, nami nikala. Juzi pia. Jana alisahau.

Wewe uliye na mzee ndani, usimwekee chakula mlangoni. Ingia. Kaa kwenye kigoda hata kama chumba kinanuka, hata kama anakohoa, hata kama una haraka. Mega, kula, akuone koo linavyomeza. Na akikuomba uonje, usimjibu nilivyojibu mimi, kwa sababu yupo anayesikiliza jibu hilo, na akilisikia atanawa mikono.

Jana jioni, nikiwa nimegeukia ukuta, nilisikia maji yanamiminwa.